Kabati la Ukumbi Likisumbua, Iache Randa Kwanza

Simu huingia wiki ya pili au ya tatu ya masika. "Fundi, kabati lako limegoma." Linaitwa langu ingawa hela ilishalipwa na risiti mwenyekiti anayo. Nikifika nakuta mlango umeshapigwa teke, kishikio kimoja kimeng'oka, na kijana wa jirani ameazima randa, amekunja mikono ya shati, yuko tayari kuupunguza. Huyo ndiye wa kuzuia kabla ya lolote.

Nafanya useremala Tanga mjini, na kazi nyingi ninazopata siku hizi ni makabati ya kuhifadhia vitu kwenye kumbi za mtaa. Kabati la ukumbi lina maisha magumu kuliko la nyumbani. Asubuhi linafunguliwa na wahudumu wa chanjo, mchana na akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, jioni na vijana wenye spika zao, na Jumatatu sufuria za shughuli ya Jumapili zinarudishwa ndani zikiwa bado zinachuruzika maji. Kila mtu hulivuta kwa nguvu zake, na hakuna wa kulionea uchungu. Dosari ambayo chumbani kwako ingejificha miaka mitano, ukumbini inajitokeza ndani ya miezi mitatu.

Nimepanga matatizo kwa jinsi yanavyonijia. Jambo moja nalisema mapema, kwa sababu limenigharimu kulijua: ugonjwa wa mlango mara nyingi haupo mlangoni. Upo sakafuni, ukutani, au ulikuja na mbao yenyewe kutoka kwenye lori. Ukiranda mlango kumbe sakafu ndiyo yenye kosa, kiangazi kikifika utabaki na mwanya unaopitisha kidole, na panya.

## Milango haikutani, mmoja juu mmoja chini

Funga milango polepole, rudi nyuma hatua nne, itazame mianya. Usishike chombo chochote bado.

Ukiona mlango mmoja umeshuka mzima kuliko mwenzake, huku mwanya wa katikati uko sawa juu hadi chini, sanduku, yaani mwili wa kabati bila milango, limelala upande. Chanzo ni sakafu. Mara nyingi mlango ulioshuka ndio unaoonyesha kona iliyoshuka.

Ukiona milango inagongana katikati kwa juu, na mmoja unaburuza chini upande wa kitasa, bawaba ya juu imelegea.

Ukiona inasuguana kwa urefu wote, na miezi miwili iliyopita ilikuwa inafunga vizuri, mbao imevimba. Hiyo ina sehemu yake hapo chini.

Ukiona kona ya juu imetokeza mbele wakati ya chini imekaa, kuna msokoto, na swali ni nani aliyejisokota. Fungua mlango, ulaze juu ya meza iliyonyooka. Ukichezacheza, mlango ndio mbaya. Ukitulia, kabati ndilo limejipinda, na tumerudi tena sakafuni.

Sakafu za kumbi nyingi zimemwagwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni, maji ya deki yapate pa kutokea. Kwa macho huoni kitu. Weka pimamaji chini, au kama kabati ni refu tumia mpira mwangavu uliojazwa maji, na usishangae ukikuta tofauti ya sentimita nzima kwenye kabati la futi 6. Hapo unanyanyua kona iliyoshuka kwa kabari za mbao ngumu, kidogo kidogo, huku mwenzako anatazama milango. Inapendeza kuona milango inavyorudi mahali pake bila kuguswa. Kabari iwe ngumu. Ukumbi mmoja nilikuta kadi ya mwaliko wa harusi imekunjwa mara nne na kusukumwa chini ya mguu. Ilikuwa imenyonya maji ya deki hadi ikawa uji, na kabati likashuka tena.

Ukishasawazisha, pima kona kwa kona, juu kulia hadi chini kushoto, kisha juu kushoto hadi chini kulia. Vipimo vikilingana kabati liko gunia, yaani kona zake zote ni za mraba. Visipolingana, nenda nyuma ukatazame mgongo. Utakuta hadibodi nyembamba imeshikwa kwa misumari minne ya pembeni, au hakuna kitu kabisa kwa sababu "nyuma haionekani". Mgongo ndio unaolizuia kabati lisilale. Weka plaiwudi ya milimita 6, paka gundi, vuta sanduku hadi vipimo vya kona vilingane, ndipo upige misumari kila inchi 4 kuzunguka pande zote. Ukipigilia kwanza na kupima baadaye, umelifunga likiwa limeinama na litabaki hivyo.

Bawaba iliyolegea usiikaze tu. Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu limekufa. Itoe, chonga kijiti cha mti mgumu, kitie gundi, kigongee ndani, kiache mpaka kesho, kisha toboa tundu jipya jembamba kuliko skrubu. Mlango unaozidi sentimita 90 kwenda juu mpe bawaba tatu, na ya tatu usiiweke katikati kabisa. Isogeze karibu na ya juu, kwa sababu ya juu ndiyo inayobeba. Kama bawaba ni za kikombe, zile zinazoingia kwenye tundu la milimita 35, zina skrubu zake za kuupeleka mlango kushoto, kulia, mbele na nyuma. Mara nyingine kazi nzima ni kuzungusha skrubu moja nusu mzunguko.

## Kiangazi unafunga, masika hauingii

Hapa nianze na kosa langu. Mwaka mmoja nilipokea kazi yenye siku 14 kwenye mkataba. Mbao za paini kutoka upande wa Mufindi zilishushwa kwenye lori Alhamisi, Ijumaa nikaanza kupasua. Milango niliiunga kwa mbao tatu tatu, nikaibana nyuma kwa mikanda miwili ya mbao, gundi na misumari. Siku ya kukabidhi ilipendeza kweli. Januari, kwenye kaskazi na joto lake, mtunza ukumbi akanipigia: usiku alisikia mlio, akadhani bati la paa limepasuka. Ulikuwa mlango. Ulichanika katikati kutoka juu hadi chini, ufa wa kuingiza sarafu.

Ubao haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kukusumbua. Unachofanya ni kupanuka na kusinyaa kwa upana wake, kila msimu. Ubao wa paini wenye upana wa futi moja, ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12, unaweza kupungua milimita 4 hadi 5. Mimi nilikuwa nimeubana kwa mikanda isiyosogea. Ulitafuta pa kwenda ukakosa, ukachanika.

Kujua kama mbao imekauka, usiamini mkono wala neno la muuzaji. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ndogo, kikaushe kwenye oveni ya joto la nyuzi 100 na kidogo hadi uzito ukome kushuka, kisha pima tena. Kipande kilichoanza na gramu 230 kikaishia 200 kimepoteza 30. Gawa 30 kwa 200, ni asilimia 15. Kwa hewa ya pwani hapo ndipo mbao ya ndani hutulia, karibu na 15. Mbao ileile ukiipeleka Dodoma itaendelea kushuka, kwa hiyo kabati la kupelekwa bara linataka mbao kavu zaidi. Huna oveni? Pima ubao mmoja mzima kila Ijumaa, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli. Wiki tatu uzito usiposhuka, anza kazi.

Sasa ukikuta mlango umeshavimba, paka chaki ukingoni, ufunge, ufungue. Panapokosa chaki ndipo panapogusa, na mara nyingi ni sehemu ya inchi chache, si mlango mzima. Hapo, na hapo tu, randa inaruhusiwa, milimita moja au moja na nusu. Siku hiyo hiyo paka vanishi ulipokata. Kisha ung'oe mlango utazame kichwa na kitako chake, zile ncha za juu na chini zisizoonekana. Nina uhakika utakuta mbao tupu. Mafundi wengi tunapaka mbele, tukizidi sana na ndani, tunasahau ncha, na ncha ndizo zinazokunywa maji kuliko upande wowote. Mlango uliopakwa upande mmoja pia hujikunja kama kigae cha paa.

Mlango mpya utengeneze kwa fremu na paneli. Paneli ikae ndani ya mfuo bila gundi, na nafasi ya milimita 3 kila upande ya kupumulia. Kama lazima iunganishwe ili isigonge, tone moja la gundi katikati juu na jingine katikati chini linatosha. Au tumia plaiwudi kwa paneli na uwe na amani.

Ule mlango wangu sikuuziba ufa kwa puti. Puti ya kiangazi masika huminywa ikatoka, au inausukuma ubao upasuke kwingine. Niliutengeneza mwingine kwa gharama yangu.

## Rafu zimebonyea katikati

Vitabu vya kawaida vilivyopangwa mita moja hufika kilo 25 hadi 30 kirahisi. Faili za ofisi ya mtaa ni nzito zaidi, na hakuna anayezipunguza. Rafu ya plaiwudi ya milimita 18 ukiiacha ivuke mita nzima bila mshikizo, itabonyea, na ubao wa vumbi la mbao utabonyea haraka zaidi na hautarudi.

Watu hukimbilia kununua ubao mnene. Hesabu inasema vingine. Ukiongeza unene mara mbili, mbonyeo hupungua mara 8. Ukiweka mhimili katikati, ukagawa urefu wa rafu mara mbili kwa mzigo uleule kwa kila futi, mbonyeo hupungua mara 16. Kipande cha ubao wa inchi 1 kwa 8 kinachosimama katikati kinakushindia plaiwudi ya bei mbaya. Kama vitu vyako ni virefu na hutaki mhimili, gundisha ubao wa 1 kwa 2 ukiwa umesimama kwenye ukingo wa mbele wa rafu, na mwingine nyuma. Mimi kwa milimita 18 sivuki sentimita 60 pasipo kitu kati.

Angalia pia nyuzi za plaiwudi. Za uso wa nje zinapaswa kwenda na urefu wa rafu. Fundi anayebana vipande vitoshe kwenye ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 huzikata kinyume, na rafu inakuwa legelege hata kama unene ni uleule.

Sufuria za pilau zisipande rafuni kabisa. Chumba cha chini kiache bila rafu, uweke chaga kama za kitanda, maji yadondoke, hewa ipite.

## Kabati linaachana na ukuta

Hili ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu ukumbini kuna watoto. Jaribu hivi: fungua milango yote miwili, bonyeza vishikio kuelekea chini kwa uzito wa mikono yako. Mgongo ukinyanyuka hata kidogo, usiondoke mpaka limefungwa ukutani. Mtoto akining'inia mlangoni anafanya jambo lilelile, ila yeye yuko chini yake.

Skrubu ikitoka ukutani, soma unga unaotoka kwenye drili. Unga wa kijivu, na drili inaenda kwa shida: tofali zima la saruji au zege, fisha za plastiki, vile vibomba vinavyoshika skrubu ukutani, zitashika. Drili ikizama ghafla kama imeangukia shimoni, ni tofali lenye uwazi, na fisha ya kawaida itazunguka humo ndani bila mwisho. Unga mweupe laini unaoendelea kumiminika hata ukisimamisha drili ni chokaa cha nyumba za zamani za mawe. Hapo usitegemee fisha. Panua tundu, lisafishe, loweka maji, jaza saruji, pachika boliti, na rudi baada ya siku kadhaa.

Kwa nyumba za matofali kuna njia fupi. Kabati la kusimama lenye mita 2 na kidogo hufika usawa wa lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, na lenta ni zege tupu. Vyuma viwili vya pembe kutoka kichwa cha kabati hadi kwenye lenta vinalishika kuliko fisha kumi chini yake.

## Uvundo, weusi mgongoni, miguu iliyovimba

Ingiza kichwa ndani uvute pumzi. Harufu ya kitambaa kilicholazwa kikiwa kibichi inatoka kwenye mojawapo ya sehemu tatu, nazo ni juu, nyuma au chini.

Juu, tafuta michirizi ya maji yanayovuja kutoka paani. Nyuma, ukuta unaopigwa na mvua ya kusi hulowa hadi ndani, na kabati lililobanwa hapo halikauki. Lisogeze, liache sentimita 2 au 3 za kupitisha hewa, toboa matundu juu na chini ya mgongo. Vile vyuma vya kwenye lenta viwe virefu kufidia.

Chini ndiko kwenye kesi nyingi. Jumamosi sakafu inapigwa deki kwa ndoo nzima, maji yanasukumwa kwa fagio, na yanapofika kwenye kabati yanajificha chini yake. Kitako kikiwa cha MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, utakuta kingo zimefura kama mkate uliochovywa kwenye chai, rangi imeinuka, na ukibonyeza kidole kinaingia. MDF ikishavimba hairudi. Likate sanduku kwa usawa ulio mzima, ulipandishe juu ya miguu ya mti mgumu au ya chuma yenye sentimita 10, ufagio upite chini.

Madoa meusi kuzunguka misumari na skrubu hayatokani na ukungu. Chuma kinaposhika kutu kwenye mbao yenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti), mkaratusi kwa mfano, rangi nyeusi hutoka. Hewa ya chumvi inaharakisha. Weka skrubu zisizoshika kutu tangu mwanzo. Gundi nyeupe ya kawaida nayo haipendi maji, na kwenye msaji inapata taabu ya pili kwa sababu mti huo una mafuta yake. Futa sehemu ya kuunga kwa kitambaa chenye thina, ipake gundi muda huohuo.

## Unga chini ya rafu

Unga mlaini na vitundu vya mviringo ni wadudu wanaobungua mbao. Hupenda sehemu nyeupe ya ubao, ile ya karibu na gome, na ndiyo sababu simchukui muuzaji anayenipa mninga nusu nyekundu nusu nyeupe kwa bei ya mninga. Vitundu vinaweza kuwa vya zamani. Futa unga wote, tandika kitambaa cheusi, rudi wiki ijayo. Ukikuta unga mpya, wapo hai.

Mchwa hawaachi unga wa namna hiyo. Hujenga njia za udongo kutoka sakafuni au ukutani, na ndiyo faida nyingine ya miguu mirefu na ule uwazi wa nyuma, unawaona wanapopanda. Vunja sehemu ndogo ya njia, uitazame kesho yake. Ikiwa imeshazibwa, wapo kazini. Kubomoa njia peke yake hakuwaondoi, makao yao yako ardhini na dawa inakwenda huko. Ndani ya kabati lenye sahani za kulia watu usipulize dawa yoyote.

## Droo na kufuli

Droo ikikwama, sugua mshumaa kwenye njia zake. Wengi hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta unyevu na masika inanata.

Sanduku la VICOBA huwa na kufuli tatu na watu watatu wa kuzishika, halafu linafungiwa kwenye kabati ambalo pete ya kufuli imeshikwa kwa skrubu nne za nje. Mwenye bisibisi hahitaji ufunguo. Tumia boliti zinazopita hadi ndani, nati zikae upande wa ndani.

## Lini usilitengeneze

Sanduku la MDF lililovimba pande zote, au lililobunguliwa hadi kwenye fremu, lisikupotezee siku. Ng'oa milango, bawaba na vioo, hivyo vitatumika tena, ujenge sanduku jipya.

Na hilo jipya, kabla ya kupasua ubao wa kwanza, pima mlango wa ukumbi, kisha pima dari. Kabati la sentimita 220 kwenda juu na 60 kwenda nyuma, likisimamishwa kutoka kulala, kona yake inapita kwenye sentimita 228. Chini ya dari ya 225 halitasimama, hata ulete vijana sita. Siku hizi nayajenga kwa vipande viwili, cha chini na cha juu, navifunga kwa boliti nne nikishafika.